Mafuta yamekataa kuachana na maji: angalia pipa kabla ya kulaumu mashine

Kama uko kwa hii biashara ya kununua oili chafu, matope ya tangi na yale maji yenye mafuta kutoka viwandani, unayasafisha na kuuzia watu wa boila kama mafuta ya tanuru, kuna asubuhi moja unaijua vizuri sana. Unafungua valvu ya chini ukitarajia maji, kunatoka kitu kizito rangi ya uji wa wimbi. Si maji, si mafuta. Unangoja kesho, unangoja kesho kutwa, bado ni uji, na mtu wa boila ameshapiga simu mara tatu. Hapo ndipo watu huanza kulaumu sentrifuji (ile mashine ya kuzungusha mafuta kwa kasi ili maji na uchafu vitoke), hita, pampu, hadi kijana wa zamu ya usiku. Mimi nimefanya hii kazi Industrial Area, Nairobi, na nitakwambia ukweli, mashine mara nyingi haina makosa, kitu kiliingia na lori mchana na ni wewe mwenyewe ulifungua geti.

Nitaenda na kile unachoona kwanza, alafu sababu, alafu cha kufanya. Lakini kabla ya yote nunua paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, mita moja tu. Kila pipa likifika, zamisha hiyo paipu polepole juu ikiwa wazi, ikigusa chini ziba juu na kidole gumba, vuta. Utaona pipa lote limesimama mbele yako kama keki: mafuta juu, uji katikati, maji, na matope ya kutu chini kabisa. Muuzaji hawezi kubishana na hiyo paipu. Ukichota juu juu na kikombe umejidanganya, juu kila pipa ni zuri.

Imekaa siku tatu na bado ni uji

Hii ndiyo inasumbua watu zaidi kwa hivyo wacha nikae hapa.

Maji kwa oili yako ni ya aina mbili. Kuna yale huru, hayo yanashuka yenyewe hata usipofanya kitu. Alafu kuna yale yamesagika yakawa matone madogo sana na kila tone limevaa koti. Koti lenyewe ni kama sabuni, kwa sababu oili ya injini inatengenezwa ikiwa na dawa za kalsiamu ama magnesiamu za kubeba masizi na uchafu ili usigande chini ndani ya injini. Sasa wewe unataka huo uchafu ushuke. Unapigana na kitu ambacho mwenye gari alilipia kifanye kinyume. Na udogo wa tone unauma: tone likiwa nusu ya upana wa lingine, linashuka polepole mara nne, likiwa robo ni mara kumi na sita. Ndio maana mzigo mmoja unajitenga jioni hiyo hiyo na mwingine unakaa wiki.

Cha kwanza naangalia ni baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na usiku wa Julai si mchezo, nyuzi 12 hivi ama chini, na tangi la chuma liko nje halina blanketi. Oili ya injini ukiitoa nyuzi 40 ukaipeleka 100 unene wake unapungua karibu mara kumi, kwa hivyo ukiwa chini ya 20 unangojea tone litembee ndani ya asali. Peleka tangi nyuzi 65 hadi 75, zima kila kitu kinachokoroga, liache litulie usiku mzima. Kupasha si kuchemsha, tafadhali, ya kuchemsha tutaifikia.

Cha pili pampu. Ile pampu ya maji ya kawaida inayozunguka karibu mara 2,900 kwa dakika ni blenda bana, unaingiza maji na mafuta yaliyokuwa yameachana vizuri ndani ya pipa inakurudishia uji. Valvu iliyofunguliwa nusu inafanya dhambi hiyo hiyo. Jinsi ya kujua: chukua sampuli ya pipa kabla ya kupampu na sampuli ya tangi baada ya kupampu, ziweke zote kwa maji moto. Ya pipa ikijitenga na ya tangi ikikataa, mshukiwa ni pampu. Tafuta ya gia ama ya kiwambo, iende pole pole.

Cha tatu ni mapipa yaliyokuja na sabuni yao wenyewe. Shimo la kuoshea magari, mahali wanaosha injini na dawa ya kutoa grisi. Chukua kidogo, ongeza maji safi, tikisa. Povu jeupe likikaa dakika nyingi bila kupasuka umejua. Kulanti, ile ya rejeta, pia inasumbua, utaona maji ya chini yana rangi ya kijani ama pinki na harufu tamu tamu. Usiionje, ni sumu. Hayo mapipa yapewe tangi lao peke yao, kwa sababu pipa moja la hivyo linaharibu mengine kumi yaliyokuwa hayana shida.

Alafu kuna vumbi laini, masizi na kutu na udongo. Hili linajipanga pale mpaka wa maji na mafuta na kutengeneza tabaka la katikati lenye haliendi juu wala chini. Kila mtu mwenye haraka hulivuta na kulirudisha kwa tangi la mzigo mpya, eti litajitenga safari ijayo. Hiyo ni kama kuweka mala ya jana kwa maziwa ya leo, unajua yatakuwa nini. Litoe kando, lipashe peke yake, lipitie sentrifuji.

Na mwisho ni dawa ya kutenganisha yenyewe. Hapa najitaja. Nilikuwa na tangi la lita 5,000, zamu ya usiku, muuzaji wa dawa alikuwa amesema weka lita tano utaona maajabu. Nikaweka tano. Sikuona maajabu. Nikaongeza tano, saa nane usiku nikaongeza kumi, asubuhi ile kitu ilikuwa imesimama kwa fimbo ya kupimia kama ugali mlaini. Msimamizi wetu, mtu mzima anayeongea kidogo, akachovya fimbo akaiangalia.

"Umeweka ngapi?"

"Ishirini, Mzee."

"Na chupa ulijaribu?"

Nikanyamaza.

"Basi umepika sabuni."

Na ni kweli, hizo dawa zenyewe ni jamaa wa sabuni. Kidogo kinavua lile koti la tone, ikizidi inavalisha koti jipya. Ule mzigo tuliuokoa kwa kuuchanganya kidogo kidogo na mzigo mpya ambao haukuwa na dawa, ilituchukua karibu wiki mbili.

Kwa hivyo jaribio la chupa, ambalo linachukua saa mbili na linagharimu bei ya chai. Tafuta chupa tano za glasi za jamu, si za plastiki za soda kwa sababu zinajikunja zikipata moto. Kila moja weka mililita 200 za mzigo. Nenda duka la dawa ununue sirinji ya insulini, ile ya mililita moja. Chupa ya kwanza usiweke kitu, ya pili mililita 0.05, ya tatu 0.1, ya nne 0.2, ya tano 0.4. Funga, pindua juu chini mara thelathini, usitikise kama unatengeneza juisi. Zipange kwa sufuria, mimina maji moto kutoka kwa birika la stima hadi yawe kama nyuzi 70, legeza vifuniko, na usiweke moto wa wazi chini yake. Angalia baada ya dakika 15, 30, saa moja, mbili. Unatafuta ile yenye maji mengi chini, mstari mkali, na maji yenyewe yanaonekana si ya kahawia. Kama mshindi ni ya 0.1 hiyo ni sehemu 500 kwa milioni, kwa tangi la lita 5,000 ni lita mbili na nusu. Si ishirini. Na kama hakuna chupa iliyoshinda usinunue dawa nyingi, badilisha aina ya dawa.

Moja tu ya kando: yale maji meupe ya kukatia chuma kutoka kwa karakana za leithi si ugonjwa huu. Hayo yalitengenezwa yawe maziwa, yanavunjwa kwa asidi hadi pH 2 ama 3 alafu yanarudishwa kawaida na chokaa. Kama huna tangi linalostahimili asidi usiyapokee.

Tangi linapanda povu nikipasha

Zima moto kwanza alafu endelea kusoma.

Kitabuni maji yanachemka nyuzi 100. Hapa Nairobi kwa sababu ya mwinuko yanachemka 94 ama 95, na kuna watu wamejifunza kazi Mombasa wakaja hapa wakaweka thermostati 95 wakidhani wako salama. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Sasa kama una lita ishirini zimelala chini ya tangi, chini ya mafuta mazito ya moto, zikiamua kuruka zote pamoja hazitakupigia simu. Zinabeba mafuta zinamwaga juu ya kila kitu, ikiwemo moto ulioyapasha.

Sababu mara nyingi ni hizi: hukutoa maji huru kabla ya kuwasha, ama ulimimina mafuta ya moto juu ya maji baridi yaliyobaki kwa tangi lingine, ama tangi limejaa hadi shingoni, ama umekimbia na joto. Toa maji ya chini hadi uone mafuta. Jaza theluthi mbili tu. Ukiwa unakausha maji yaliyobaki, kuanzia 85 panda taratibu, nyuzi chache kwa saa, na mtu awe hapo, si kwa kibanda cha chai. Povu dogo likikaa tu juu na tangi linasema shshshsh ni kawaida, yale ni maji ya mwisho yanatoka. Likianza kupanda, punguza joto. Angalia pia koili ya hita iwe imefunikwa na mafuta wakati wote, koili ikibaki uchi ikiwa moto na mvuke wa mafuta uko juu yake umetengeneza kiberiti.

Mafuta yanaonekana masafi lakini bona (kichomeo cha boila) inatema na kuzima

Klayenti anasema umemuuzia maji. Pengine ni kweli. Pasha bamba la chuma hadi nyuzi 150 hivi, vaa miwani, dondosha tone moja. Likitulia likatoa moshi kidogo, maji hayapo ama ni machache sana. Likilia pwata pwata kama mandazi yameingia kwa karai, maji yapo, na hilo sikio lako linasikia hata sehemu moja kwa elfu. Lakini usiharakishe kukubali lawama, muulize tangi lake linavutwa kutoka wapi. Wengi paipu imekaa chini kabisa na tangi halijatolewa maji ya chini tangu linunuliwe. Inavuta bonge la maji, moto unazima, inavuta mafuta, inawaka tena.

Kama halilii na nozo bado zinaziba, hayo ni majivu. Zinki, kalsiamu na fosforasi za zile dawa za oili zimeyeyuka mle ndani, kichungi hakizishiki hata ukinunua cha bei gani, na sentrifuji inapunguza tu zile zimeshikana na masizi. Kuzitoa kabisa ni kazi ya mtambo wa kuchemsha kwa vakyumu, ambao ndio pia unarudisha oili ya msingi ya kutengenezea oili mpya. Kama huna huo mtambo sema wazi kwamba unauza mafuta ya tanuru na aliyenunua aoshe nozo zake kila wiki.

Inanuka petroli ama thinna

Kwa haya mafuta ya tanuru watu wanataka kiwango cha kuwaka, yaani joto ambalo mvuke wake unaanza kushika moto, kisiwe chini ya nyuzi 60, ndicho kile cha ISO 8217 cha mafuta ya meli pia. Pipa moja la thinna kutoka kwa karakana ya kupaka rangi linashusha tangi zima hadi joto la mchana linatosha kuliwasha. Usipime na kiberiti, kuna jamaa hupima na kiberiti. Peleka maabara wapime kwa kikombe kilichofungwa, na wakati huo usipashe, usipampu bila waya wa ardhi kutoka kwa lori hadi kwa tangi.

Na harufu tamu ya dawa ya kutoa grisi inanitisha zaidi ya petroli, kwa sababu hiyo inaweza kuwa na klorini. Jaribio lake ni waya wa shaba: uchome nje kwenye upepo hadi moto usiwe na rangi, uchovye kwa mafuta, uurudishe. Moto ukigeuka kijani, weka hilo pipa kando. Marekani oili chafu ikipita sehemu 1,000 kwa milioni za halojeni (klorini na jamaa zake) inahesabiwa taka hatari hadi mwenyewe athibitishe vingine, na mimi hiyo namba naitumia hata hapa.

Mayai mabovu

Matope yaliyokaa miezi na maji chini yanaota bakteria wanaotoa hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu. Ukiisikia harufu rudi nyuma. Na ikiacha kunuka ghafla, hapo ndipo ukimbie, kwa sababu kwenye sehemu 100 kwa milioni pua inakufa na wewe unafuata. Hakuna mtu anaingia ndani ya tangi kuchota matope na beseni bila kipima gesi, hewa ya kupuliza, kamba na mtu wa nje. Na yule wa nje asiingie kumfuata mwenzake, hivyo ndivyo wanakufa wawili watatu mara moja.

Sentrifuji inatoa mafuta kwa upande wa maji

Badilisha ile ringi ya mpaka, ile inayoamua mafuta na maji yaachane wapi ndani ya bakuli, umeweka ya mafuta mepesi na wewe una mazito. Kama ringi ni sawa, basi unaisukumia kwa kasi sana ama mzigo ni baridi. Ukiona inatetemeka, bakuli limejaa matope upande mmoja, simamisha uoshe. Basi.

Nimenunua 200 nimepata 150

Hiyo si tatizo la mtambo, ulinunua maji. Pipa la lita 200 likiwa na thelathini za maji chini na kumi za matope, na kumi nyingine zimejificha ndani ya uji, hesabu ni hiyo hiyo. Rudi kwa paipu ya plastiki pale geti. Kuna wauzaji huongeza maji makusudi, na kuna wale wanaacha tu mapipa wazi mvua ya Aprili inawaongezea. Lipa mafuta, usilipe urefu wa pipa.

Ile "dizeli" imegeuka nyeusi

Wanaopika oili chafu kwa joto kali hadi ipasuke wanapata kitu cha manjano kizuri sana siku ya kwanza, wiki ya pili ni kama chai ya rangi na kinanuka. Molekuli zilizopasuka hazijatulia, zinashikana tena na hewa na kutengeneza gundi. Bila kuitibu na hidrojeni itaendelea hivyo tu. Usiweke kwa gari la mtu na usiiuze kama dizeli.

Oili ya transfoma, imetulia, safi, bei rahisi

Hii ndiyo inayotia watu wengi taabu maana inaonekana kama dhahabu. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na PCB, kemikali ya sumu, na macho hayajui, pua haijui, kuchuja hakutoi, moto wa boila ya kawaida unaigeuza kuwa kitu kibaya zaidi. Mpaka wa Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya iko ndani tangu 2004, ni sehemu 50 kwa milioni. Bila karatasi ya maabara usiifungulie geti. Ikishachanganyika na tangi lako, tangi lote ni PCB, na matangi yote uliyopampu na ile pampu.

Maji na matope yaliyobaki

Maji yanayotoka chini bado yana mng'aro wa rangi juu, na mtaro wa Industrial Area unaenda Mto Ngong, na Mto Ngong unapita Mukuru kwenye watu. Yapitishe kwa matangi matatu yanayofuatana, paipu ya kutokea ikianzia chini ili mafuta yabaki juu, alafu kama mng'aro haujaisha rudi kwa jaribio la chupa, pengine dawa yako ilizidi na imebeba mafuta ikayaweka ndani ya maji. Matope nayo yachanganywe na vumbi la mbao yakauke, yaende kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Tanuru la simenti linapika klinka kwa nyuzi 1,450 hivi, hapo yanaungua vizuri. Na ile fomu ya kufuatilia mzigo ya kanuni za taka weka nakala, siku moja mtu atakuja kuuliza pipa namba fulani lilitoka wapi na utataka kujibu haraka.